Kaida na Ubunifu: Jarida la Muziki la Mwanafunzi kama Zoezi la Sarufi ya Ukurasa

UTANGULIZI

Makala hii inakusudia kuchunguza namna jarida la muziki lililotengenezwa na mwanafunzi linavyofuata kaida za kawaida za uundaji wa majarida. Mfano tutakaoutumia unatoka Uingereza. Mwaka 2008 bodi ya mitihani ya nchi hiyo iitwayo OCR ilianza kufundishisha mtaala mpya wa somo la vyombo vya habari kwa wanafunzi wa umri ambao kwetu zamani ungekuwa wa kidato cha tano. Mojawapo ya kazi walizoweza kupewa wanafunzi hao ilikuwa kubuni jarida jipya la muziki. Mwanafunzi alitakiwa kutoa mambo matatu: jalada la mbele, ukurasa wa yaliyomo, na makala iliyotandazwa juu ya kurasa mbili zinazokabiliana. Maneno na picha zote zilipaswa kuwa zake mwenyewe, na picha zisipungue nne. Kazi ilisahihishwa kwa alama 100, ambapo 20 zilikuwa za utafiti na mipango, 60 za utengenezaji, na 20 za tathmini. Tathmini hiyo ilikuwa na maswali saba, na la kwanza lilimtaka mwanafunzi aeleze ni kwa njia gani kazi yake imezitumia, imeziendeleza au imezikiuka kaida za majarida ya kweli. Mitaala ya somo hili iliundwa upya kuanzia mwaka 2017, lakini kwa muda wa miaka ipatayo tisa zoezi hili liliwapitia vijana wengi sana.

Msomaji wa jarida linaloshughulikia lugha za Kiafrika huenda akauliza: yatuhusu nini sisi magazeti ya vijana wa Kiingereza? Jawabu letu ni kwamba swali lile la kwanza ni swali letu pia. Tangu Kaluta Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, na hasa tangu Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, wataalamu wa Kiswahili wamekuwa wakijadiliana kuhusu uhusiano uliopo kati ya kaida na ubunifu. Jarida la mwanafunzi linatupa nafasi ya kuutazama uhusiano huo mahali pasipo na ushabiki wetu wa kawaida. Aidha, tutajaribu kuonyesha kwamba katika kurasa hizo kaida zilizo rahisi kufuatwa ni zile za jicho, na zilizo ngumu ni zile za lugha. Ikiwa hivyo ndivyo, basi mwenye kusahihisha kazi kama hii hana budi kuwa mtu anayeijua lugha, wala haitoshi awe mjuzi wa picha na rangi tu.

1. KAIDA NI NINI?

Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1916 baada ya kifo chake, alifundisha kwamba ishara hupata maana kwa mapatano ya jamii, wala hapana sababu ya kimaumbile inayoufunga mti wa kweli na neno "mti". Roland Barthes aliichukua hoja hiyo na kuipeleka nje ya lugha. Katika kitabu chake cha mwaka 1957 kiitwacho Mythologies, alilisoma jalada la jarida la Paris Match kama mtu asomavyo sentensi, akaonyesha kwamba picha yaweza kuwa na maana ya kwanza inayoonekana na maana ya pili inayopitishwa kimyakimya. Mwaka 1996 Gunther Kress na Theo van Leeuwen walikwenda mbele zaidi wakaandika sarufi nzima ya picha na kurasa, wakidai kwamba mahali kitu kilipowekwa katika ukurasa pana kazi kama ile ya mpangilio wa maneno katika sentensi.

Kwa hiyo tunaposema kaida ya jarida hatusemi pambo. Tunasema mapatano baina ya mtengenezaji na msomaji, ambayo kwayo msomaji hutambua ameshika nini mkononi kabla hajasoma neno hata moja. Kwa madhumuni ya makala hii tutazigawa kaida hizo katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni kaida za majarida yote: jina, tarehe, bei, picha kuu, na vichwa vya habari vya jalada. La pili ni kaida za utanzu: jarida la roki halifanani na la muziki wa dansi, wala la muziki wa hip hop halifanani na la vijana wapendao nyimbo za chati. La tatu ni kaida za jarida moja pekee, yaani sare yake ya rangi na herufi ambayo hurudiwa toleo baada ya toleo. Mwanaisimu ataona mara moja kwamba mafungu haya yanakaribiana na yale aliyoyazoea: lugha, lahaja, na usemi wa mtu binafsi.

Mgawanyo huu una faida yake. Mwanafunzi anayetengeneza jarida jipya hulipokea fungu la kwanza kama lilivyo. Fungu la pili huliteua, kwa sababu lazima aamue anazungumza na kina nani. Fungu la tatu hana, na inampasa aliumbe. Makosa mengi tutakayoyataja hapa chini yanatokana na kuyachanganya mafungu haya matatu.

2. JALADA LA MBELE

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Jalada la jarida halikubaliani na methali hii, kwa maana hata jarida zuri hapana budi lijitembeze. Kaida nyingi za jalada zilizaliwa dukani. Katika maduka ya Uingereza majarida hupangwa yakiwa yamelaliana, moja likifunika sehemu ya jingine, hata mara nyingi kinachoonekana ni ukanda wa upande wa kushoto tu. Kwa sababu hiyo jina la jarida huanzia kushoto juu, na habari zinazotarajiwa kumvuta mnunuzi huwekwa katika theluthi ya kushoto. Jarida la Q, lililoanzishwa mwaka 1986, lilikuwa mfano bora wa utii wa kaida hii. Herufi moja nyeupe ndani ya mraba mwekundu katika pembe ya juu kushoto ilitosha kulitambulisha hata kama sehemu nyingine zote zimefichika.

Majina yenyewe yana mafunzo kwa mwanafunzi wa lugha. Yaelekea kuwa mafupi, na huchaguliwa kwa sauti pamoja na maana. NME ni kifupisho cha New Musical Express, jina lililotumika tangu mwaka 1952. Kerrang!, lililoanza mwaka 1981, ni tanakali ya sauti: laiga mlio wa gitaa la umeme linapopigwa kwa nguvu, na herufi zake zimechorwa kana kwamba zimepasuka kwa kishindo hicho. Q ilikusudiwa kwanza kuandikwa kwa neno zima lenye matamshi hayo hayo, ambalo lilirejea tendo la kuitega sahani ya santuri tayari kwa kupigwa. Ikabaki herufi moja kwa kuwa neno hilo pia ni jina la fimbo ya mchezo wa meza, na waanzilishi walihofia jarida lao lisije likadhaniwa ni la mchezo huo. Mwanafunzi mwerevu hulichagua jina lake kwa hesabu kama hizi: laweza kusomeka kwa mbali? Latoa mlio wa muziki wa aina gani? Lina maana nyingine itakayompotosha msomaji?

Chini ya jina huja picha kuu. Kaida yataka mtu mmoja, au kundi moja, apigwe picha kuanzia kiunoni au kifuani kwenda juu, akimtazama msomaji machoni. Kutazama huku kuna kazi ya nafsi ya pili. Mtu wa kwenye picha anapoyaelekeza macho yake kwetu ni kana kwamba asema "wewe", na vichwa vya habari vinavyomzunguka huendeleza usemi huo kwa amri na maswali yanayomlenga msomaji moja kwa moja. Kress na van Leeuwen waliliita tendo hili dai, wakilitofautisha na picha ambamo mhusika hatuangalii, ambayo hutupa tu fursa ya kumchunguza. Jalada, kwa desturi, hudai.

Wanafunzi walio wengi huyafanya haya yote vizuri. Humvisha rafiki koti la ngozi, humsimamisha mbele ya ukuta mweupe, humpiga picha, kisha huikata picha hiyo kwa programu ya Photoshop na kuiweka juu ya jina la jarida, kichwa cha msanii kikifunika sehemu ya herufi. Hapo ndipo penye jambo la kutafakariwa. Katika jarida kama Rolling Stone, ambalo lilianza San Francisco mwaka 1967, kichwa cha msanii kinapofunika herufi mbili tatu za jina, jarida hilo lajigamba kimyakimya: linajulikana mno hata halihitaji kusomwa lote. Jarida la mwanafunzi ni toleo la kwanza la jarida ambalo hakuna aliyelisikia. Akiifunika nusu ya jina, msomaji hana kumbukumbu ya kujazia pengo. Mwanafunzi ameiga umbo la kaida akaliacha sharti lake. Katika lugha tungesema ametumia kiwakilishi kabla ya kulitaja jina linalowakilishwa. Sentensi yake ina kila neno, lakini msikilizaji hajui "yeye" ni nani.

Mfano mwingine ni ile mistari myeusi ya kusomwa na mashine ya kulipia. Bidhaa ya kwanza kuuzwa kwa kusomwa mistari hiyo ilikuwa pakiti ya ubani wa kutafuna, katika duka moja la Troy, Ohio, tarehe 26 Juni 1974. Baada ya hapo mistari hiyo ikaenea hata katika majalada ya majarida, na wabunifu wa kurasa walilazimika kuitafutia pembe. Sasa, jarida la mwanafunzi haliuzwi. Hakuna mashine itakayoisoma mistari yake. Hata hivyo karibu kila mwanafunzi huiweka, na msahihishaji angeikosa angeona pana upungufu. Kwa nini? Kwa sababu mistari hiyo imeacha kuwa chombo cha biashara ikawa ishara, na maana ya ishara hiyo ni "hili ni jarida la kweli". Inafanya kazi ile ile ifanywayo na "hapo zamani za kale" katika ngano. Maneno hayo hayatuambii tarehe yoyote. Yatuambia kwamba kinachofuata ni hadithi, nasi tukae mkao wa kusikiliza.

3. UKURASA WA YALIYOMO

Ukurasa huu hupewa uzito mdogo na wanafunzi wengi, nao ndio wenye ajabu kubwa kuliko kurasa zote nne. Kaida zake za jicho ni chache. Jina la jarida hurudiwa juu kwa umbo dogo. Tarehe hutajwa. Nambari za kurasa huandikwa kwa rangi ya sare na mara nyingi kwa herufi nene kuliko maneno yanayofuata. Habari hugawanywa katika vikundi, zile za kila toleo zikiwa mbali na zile za toleo hili peke yake, na maoni juu ya sahani mpya yakiwa na mahali pao. Picha mbili tatu huwekwa, kila moja ikibeba nambari ya ukurasa wake.

Ajabu ni kwamba habari hizo hazipo. Mwanafunzi ameagizwa kuandika makala moja tu ya kurasa mbili, ilhali ukurasa wa yaliyomo huahidi makala ishirini au zaidi. Kwa maana hiyo ukurasa huu ni utungo wa kubuni kama ilivyo riwaya. Mtunzi analiumba jarida zima kwa vichwa vyake vya habari, na msomaji aliamini au asiliamini kwa kadiri vichwa hivyo vilivyo na ukweli wa utanzu.

Na vichwa vya habari vina sarufi yake. Katika Kiingereza cha magazeti, kitenzi cha kichwa cha habari huwekwa katika wakati uliopo ingawa tendo limekwisha kutendeka, na vijineno vya kuonyesha umahususi huachwa. Kiswahili chetu kina kaida iliyo sambamba. Mhariri wetu huandika "Wanafunzi Wagoma" au "Waziri Aonya Walaghai", akitumia kiambishi cha -a- ambacho katika mazungumzo ya kila siku wasemaji wengi hukitumia kwa nadra. Hakuna mtu arudiye nyumbani akamwambia mkewe, kwa sauti ya kawaida, "wanafunzi wagoma". Umbo hilo, pale linaposimama peke yake juu ya habari ya jana, latutambulishia gazeti kama vile nguo ya kijani yenye vifungo vya shaba ingetutambulishia askari.

Basi hapa ndipo kazi za wanafunzi zinapoanza kutengana. Yupo yule ambaye vichwa vyake ni sentensi kamili za insha, zenye kiima, kitenzi na maelezo, kila kimoja kikiishia na nukta. Ukurasa wake una rangi sahihi, nambari sahihi na picha sahihi, lakini hausomeki kama jarida. Yupo mwingine ambaye rangi zake zimepauka na picha zake si nzuri, ila kila kichwa chake kina maneno manne yenye mkato, mchezo wa sauti na ahadi ya siri. Msomaji wa jarida hilo atalifungua. Wa kwanza amejifunza sura ya utanzu. Wa pili amejifunza kauli yake.

4. KURASA MBILI ZINAZOKABILIANA

Makala ya ndani ndiyo inayomfichua mwanafunzi. Kaida za jicho hapa zimekwisha kuwa imara. Picha moja kubwa hutwaa ukurasa mmoja kamili, nayo makala hukaa katika ukurasa wa pili kwa safu mbili au tatu. Kichwa kikubwa chaweza kuvuka mshono wa kati ili kuziunganisha kurasa ziwe kitu kimoja. Chini ya kichwa huja aya fupi ya kumtambulisha msanii na mwandishi. Herufi ya kwanza ya makala hukuzwa hata ikashika mistari mitatu. Dondoo moja lenye makali hutolewa ndani ya maneno ya msanii na kuchapwa kwa herufi kubwa katikati ya safu, ili yule apekuaye tu avutwe asimame. Maswali huchapwa kwa wino mzito na majibu kwa herufi za kawaida.

Tutaongeza jambo moja kuhusu mpangilio wa kushoto na kulia. Kress na van Leeuwen walieleza kwamba katika kurasa za Magharibi kinachowekwa kushoto huelekea kuwa kile ambacho msomaji anakijua tayari, na kinachowekwa kulia huwa habari mpya. Wao wenyewe walitambua kwamba jambo hili laandamana na mwelekeo wa mwandiko. Msomaji wa Kiswahili anao ushahidi wake mwenyewe. Washairi wa Lamu, Pate na Mombasa walioandika kwa hati za Kiarabu waliuanza mstari kulia wakaumalizia kushoto, na jicho la msomaji wao lilipita njia hiyo. Kwa hiyo kile ambacho mwanafunzi wa Uingereza hukiona kuwa "mpangilio wa kawaida" ni kawaida ya mwandiko wake, si ya jicho la binadamu kwa jumla.

Turudi kwenye makala yenyewe. Mwanafunzi hakuzungumza na mwanamuziki yeyote. Amembuni msanii, na sasa hana budi kubuni sauti mbili: sauti ya mwandishi wa jarida, iliyo ya kirafiki na yenye dhihaka kidogo, na sauti ya msanii, ambaye yampasa ajibu kama mtu asemaye kwa kinywa. Hii ni kazi ya rejista, nayo ni ngumu. Mahojiano yaliyochapishwa si mazungumzo halisi, kwani kusitasita, kurudia na kukatizana huondolewa na mhariri. Lakini si maandishi matupu pia. Yanabakiza mkato wa sentensi, kiapo, neno la mtaani, mzaha uliokatishwa, ili msomaji adhani anasikia. Ni lugha ya tatu iliyo kati ya ulimi na kalamu, na kila utanzu wa muziki unayo yake. Mwimbaji wa roki mwenye umri wa miaka hamsini hazungumzi katika kurasa za jarida kama azungumzavyo kijana wa hip hop aliyetoa sahani yake ya kwanza.

Ni hapa ambapo mara nyingi msanii wa kubuni husema kama mwanafunzi anayejibu swali la mtihani: kwamba muziki ni muhimu sana katika maisha yake, kwamba anawashukuru wazazi wake, kwamba atajitahidi zaidi siku za usoni. Herufi ya kwanza imekuzwa, safu zimenyooka, dondoo lipo mahali pake. Ila ukilisoma dondoo hilo huoni kilichowafanya walitoe. Dondoo hukuzwa kwa sababu lina makali. Hapa limekuzwa kwa sababu kaida yasema pawe na dondoo. Kaida imetimizwa kwa jicho, ikavunjwa kwa lugha. Alama 60 za utengenezaji ziligawanywa kwa vigezo vilivyohusu upigaji wa picha, upangaji wa ukurasa, uteuzi wa herufi, na matumizi ya lugha pamoja na rejista. Bodi, basi, ililiona jambo hili. Hata hivyo ni rahisi kwa msahihishaji kuyaona makosa ya rangi kwa mtupo mmoja wa jicho, na lazima asome ndipo ayaone makosa ya rejista.

5. KUENDELEZA NA KUKIUKA

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni utumwa, na kwamba mwanafunzi apewe uhuru avunje. Hoja hii ina nguvu yake, na historia ya majarida ya muziki inayo mifano mikubwa. Mwaka 1976 huko London, Mark Perry alianzisha kijarida kiitwacho Sniffin' Glue kwa ajili ya muziki wa panki. Alikipiga taipu, akaandika vichwa vya habari kwa kalamu ya wino mzito, akakitoa nakala kwa mashine. Katika miaka ya 1980 Neville Brody, mbunifu wa kurasa za The Face, aliichukua ile anwani ya ukurasa wa yaliyomo akaibomoa kidogo kidogo toleo baada ya toleo, hata herufi zake zikabaki kama michoro. Naye David Carson, katika jarida la Ray Gun la Marekani mwaka 1994, alipoyaona mahojiano na mwimbaji Bryan Ferry kuwa yanachosha, aliyachapa yote kwa herufi za alama za mapambo, zile zisizosomeka kabisa.

Tukiitazama mifano hii kwa makini twaona jambo moja linalojirudia. Maneno ya mahojiano yale ya Ray Gun yalichapwa tena kwa herufi za kawaida nyuma ya toleo hilo hilo. Brody aliweza kuibomoa anwani ya yaliyomo kwa sababu msomaji aliijua ilivyokuwa, na alijua ukurasa huo hukaa wapi. Mahali pake palisema kile ambacho herufi zimeacha kusema. Perry hakukiuka kaida kwa kusudi la kubuni tu. Muziki aliouandikia ulidai kwamba yeyote aweza kuufanya, na ukurasa wake ulikuwa ushahidi wa dai hilo. Na tazama kilichofuata: mwandiko ule wa mkono na herufi zile zilizochanwa zikawa kaida za utanzu wa panki, hata mwanafunzi wa mwaka 2010 aliyetaka jarida lake lionekane la panki alikaa mbele ya kompyuta kwa saa nyingi akizitengeneza alama za mkasi na gundi ambavyo hakuvishika.

Mjadala wa ushairi wetu ulifika mahali hapo hapo. Waliotetea vina na mizani hawakuwa wakitetea hesabu ya silabi peke yake, bali mapatano baina ya mtunzi na wasikilizaji wake. Nao walioandika mashairi huru walitegemea kumbukumbu ya mapatano hayo katika sikio la msomaji, maana mstari uliokatwa ghafula hauchomi kwa yule asiyengoja kina. Methali yasema mwacha mila ni mtumwa. Tungeongeza kwamba yule aishikaye mila bila kujua kazi yake naye hajawa huru.

6. HITIMISHO

Tumejaribu kuonyesha kwamba jarida la muziki la mwanafunzi hufuata kaida za aina tatu, na kwamba kuzifuata si jambo moja. Aweza kuifuata kaida kwa umbo akakosa sharti lake, kama katika jina lililofunikwa. Aweza kuifuata ilhali kazi yake ya kwanza imekufa na imebaki ishara, kama ile mistari myeusi. Na aweza kuifuata kwa jicho akaivunja kwa lugha, kama katika mahojiano yasiyo na sauti.

Kuna jambo la mwisho ambalo lataka kuzingatiwa. Majarida ambayo wanafunzi hao waliyaiga yamepungua sana. Smash Hits lilifungwa mwaka 2006. NME liliacha kuchapishwa kila wiki mwaka 2018, na liliporudi kwenye karatasi mwaka 2023 halikuwa tena la kila wiki. Q lilifungwa mwaka 2020. Duka ambalo kwa ajili yake theluthi ya kushoto ilipata thamani si tena mahali vijana wanapokutana na muziki. Hata hivyo kaida ya kushoto ingali hai. Wanaisimu hawatashangaa. Katika "amekwenda" na "amekwisha" tunaibakiza ku- ingawa shina lina silabi mbili na laweza kubeba mkazo lenyewe. Lugha huhifadhi maumbo ambayo haja yake imepita, na mwalimu mzuri humwonyesha mwanafunzi umbo pamoja na haja iliyolizaa.

Kwa hiyo, ikiwa mmoja wetu atawapa wanafunzi wa Kiswahili zoezi la aina hii, na twaona lingewafaa, asiridhike na orodha ya sehemu za ukurasa zilizotajwa kwa majina. Mwanafunzi anayesema "nimeweka jina juu kwa sababu majarida huweka jina juu" hajajibu lolote. Aulizwe kaida hiyo humfanyia nani kazi gani, katika hali ipi, na nini kingetokea kama isingekuwapo. Kisha asomewe mahojiano aliyoyatunga, kwa sauti, mbele ya wenzake. Wakimtambua msanii kwa usemi wake kabla hawajaonyeshwa picha, basi mwanafunzi huyo amekwisha kuijua sarufi ya jarida. Wasipomtambua, rangi na herufi zake, ziwe nzuri namna gani, zingali zikingoja mtu wa kuzisemesha.